Mkaa na Kigae: Namna ya Kupata Umri wa Mahame ya Bonde la Rufiji

Katika miinuko ya mchanga inayotazama bonde la Rufiji, jembe huibua vigae. Kipande chenye mistari, ukingo mnene wa chungu, bonge zito jeusi la mavi ya chuma. Anayeokota hujiuliza kwanza: vina umri gani? Jibu linaweza kuwa miaka 90, au 900, au 1,800, na kwa jicho la haraka vyote vinafanana.

Kwa Rufiji swali hili ni zito. Katika miaka ya 1990 Felix Chami, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichimba Mkukutu, upande wa Kibiti, akapata shanga za kioo katika makazi ya watu wa Zama za Chuma za Mwanzo. Mwaka 1999 alichapisha hoja kwamba shanga hizo zilitoka katika ulimwengu wa Kirumi. Kwa hoja hiyo, bonde hili linaingia katika biashara ile inayosimuliwa na Periplus ya Bahari ya Erithrea, mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 unaotaja soko la Rhapta. Rhapta ilikuwa wapi hasa? Wataalamu wanabishana mpaka leo. Lakini ukiufuatilia ubishi huo hadi chini, utakuta umesimama juu ya tarehe za vipande vya mkaa na maumbo ya midomo ya vyungu.

Kwa hiyo tuseme umeonyeshwa mahame karibu na Mkongo, huku huku Rufiji, na kazi yako ni kusema watu waliishi pale lini. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya mwanafunzi anayeanza, mwalimu wa historia, ofisa utamaduni wa wilaya, na mkulima ambaye shamba lake ndilo lenye vigae. Jambo moja nalisema tangu mwanzo kwa sababu yote yanayofuata yanalitegemea. Mkaa na kigae ni mashahidi wawili wa tukio moja: kila mmoja ahojiwe peke yake, na kabla hujamwamini hakikisha kwamba alikuwepo mahali pa tukio. Maabara ghali kuliko zote haiwezi kukufanyia uhakiki huo. Unafanyika shambani, ukiwa umepiga magoti na mwiko mkononi.

Kuhusu sheria nitapita upesi, ila usiiruke. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Uchimbaji unahitaji leseni kutoka mamlaka ya Mambo ya Kale, mtafiti anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kupeleka sampuli nje ya nchi kunahitaji ruhusa yake tofauti, ambayo wengi huikumbuka wakati mkaa umeshafungwa tayari kwa safari. Kisha utapita wilayani, katani, kijijini, kitongojini, hadi kwa mwenye shamba. Mkulima aliyeokota vigae asichimbe zaidi. Apige picha, aweke alama mahali, na atoe taarifa kwa ofisa mtendaji wa kijiji. Kigae kilichong'olewa na kuwekwa dirishani ni pambo tu. Habari yake nyingi imebaki shimoni kilimotoka.

Anza na wazee. Keti barazani, toa shikamoo, uliza: "Mzee, zamani watu wa hapa walikaa wapi? Nani alihama, na kwa nini?" Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika Operesheni Rufiji, watu wengi walitolewa bondeni wakapelekwa kwenye vijiji vya ujamaa vya miinukoni. Maana yake ni kwamba mahame mengi ya bondeni, yenye vigae na majivu na hata miembe, ni ya juzi tu. Wapo bado wazee waliozaliwa humo. Mazungumzo ya asubuhi moja yanaweza kukuepusha kupeleka maabara mkaa wa jiko la bibi wa mtu aliye hai.

Baada ya hapo tembea. Pita kwenye mashamba ya mlau, yale yanayolimwa baada ya mafuriko, maji yakishashuka, kwenye kingo za makorongo, kwenye visima vipya na mitaro ya barabara. Chungulia vichuguu pia, kwa kuwa mchwa hupandisha udongo na vipande vidogo kutoka chini, na kichuguu chenye punje za mkaa na vigae vidogo kinakupa dokezo la kilichofukiwa. Kumbuka kwamba mto wenyewe ni mfukiaji mkubwa. Mafuriko ya Rufiji huleta tope na mchanga, hukata kingo, huhama njia. Makazi ya miaka 1,500 iliyopita yaliyokuwa karibu na maji yanaweza kuwa chini ya mita kadhaa za udongo, au yamechukuliwa kabisa. Ndiyo maana miinuko ya kando ya bonde hutupa vigae vingi kuliko bonde lenyewe. Usihitimishe kutokana na hilo kwamba watu waliogopa bonde.

Ukianza kuchimba, fuata tabaka za udongo zenyewe. Kuchimba kwa vipimo vya sentimita kumi kumi kunafaa pale tu ambapo jicho halioni mabadiliko, na hata hapo kila kipimo kiwe ndani ya tabaka moja. Shimo la taka lililochimbwa na watu wa karne ya 12 linaweza kushuka mpaka tabaka la karne ya 3. Ukilichimba bila kuliona, utatoa vigae vya nyakati mbili katika mfuko mmoja na hutajua kamwe. Nyunyiza maji kidogo kwenye ukuta wa shimo asubuhi, jua lingali chini, uangalie rangi: udongo uliojaza shimo la zamani huwa mweusi zaidi, mlaini zaidi, wenye mkaa mwingi. Chora kabla ya kupiga picha, kwa sababu mkono unaochora hulazimisha jicho kuamua mstari unapita wapi.

Sasa vigae. Katika pwani ya Tanzania na Kenya kuna mfuatano wa jadi za ufinyanzi ambao umekubalika kwa sehemu kubwa, na kila anayechimba Rufiji lazima aujue kwa vidole. Ya kwanza kati ya zile za wafua chuma ni jadi ya Kwale, iliyopewa jina kutokana na uchimbaji wa Robert Soper huko Kwale, karibu na Mombasa, miaka ya 1960. Midomo ya vyungu vyake ni minene na imepinduka nje. Uso wa juu wa mdomo haukuachwa mviringo, umekatwa bapa mbili tatu zinazokutana kwa pembe, au umetiwa mifereji inayozunguka. Begani pana mkanda wa chale za mshazari, mara nyingine zikipanda na kushuka. Kuna pia mabakuli ambayo mdomo wake umeingia ndani. Vyungu vya namna hii vimepatikana Limbo, mahali palipoyeyushwa chuma kusini mwa Dar es Salaam, na katika visiwa, Juani ya Mafia ikiwemo. Kwa ujumla huwekwa kati ya karne ya 2 na ya 6 baada ya Kristo.

Inayofuata ni jadi ambayo Chami aliiita ya pembetatu zilizochanjwa, na ambayo wengine, wakimfuata Mark Horton, huiita ya Tana. Ni mitungi yenye shingo, na shingoni au begani kuna pembetatu zilizochorwa kwa ncha kali zikajazwa mistari. Kipindi chake ni karne ya 6 au 7 hadi ya 10. Imeenea mno, kutoka visiwa vya Lamu hadi Msumbiji na Komoro, na bara pia. Baada yake pembetatu hupungua, nakshi za vidoti shingoni huongezeka, na kuanzia hapo mitindo ya mahali na mahali inatofautiana zaidi, kwa hiyo tarehe za jumla zinaanza kukupoteza.

Kazi ya mezani ndiyo ndefu. Tenga midomo, mabega, na matumbo yasiyo na nakshi. Pima uzito wa kila kundi kwa kila tabaka. Kwa kila mdomo chora umbo lake kwa upande, pima unene, na tumia karatasi yenye miduara kukadiria upana wa chungu kizima. Vipande vinavyoungana vihesabiwe chungu kimoja, la sivyo mtungi mmoja uliovunjika vipande arobaini utatawala jedwali lako lote. Kisha linganisha uwiano wa mitindo kutoka tabaka la chini kwenda la juu. Njia hii ya kupanga vitu kwa mfuatano wa mitindo ni ya tangu mwaka 1899, Flinders Petrie alipoitumia kwa makaburi ya Misri. Inafaa bado, kwa sharti kwamba unaangalia uwiano wa vyungu vingi. Mdomo mmoja wa Kwale ndani ya tabaka la pembetatu hautoi tarehe yoyote, na tumbo la chungu lisilo na nakshi lisipewe karne hata kidogo. Najua hili la pili linauma, kwa sababu matumbo ndiyo mengi.

Mtindo nao ni watu. Binti hujifunza kufinyanga kwa mama au shangazi, huolewa kijiji kingine, huenda na mkono wake. Ndiyo sababu mtindo hauanzi siku moja Mombasa na Mkongo, wala hauishi siku moja. Ukipata nafasi keti na wanawake wanaofinyanga hata leo, uwaulize mambo ambayo vitabu havisemi: "Bibi, chungu cha kupikia hukaa muda gani kabla hakijavunjika? Na mtungi wa maji?" Chungu kinachopanda motoni kila siku hakina maisha marefu. Mtungi mkubwa uliokaa kivulini unaweza kurithiwa. Kwa hiyo ukitaka kigae kinachokaribiana na siku ya moto uliokiacha, tegemea vyungu vya kupikia, vyenye masizi nje.

Na hivyo vyenye masizi au ukoko wa chakula usivioshe! Vifunge pembeni mara tu vinapotoka. Ukoko uliokwama ndani ya chungu ni chakula kilichoungua siku fulani, na unaweza kupimwa wenyewe kwa kaboni. Hapo mkaa na kigae vinakuwa kitu kimoja na swali la uhusiano wao linakwisha. Tahadhari iko kwenye chakula chenyewe, maana kama ulikuwa mchuzi wa samaki wa baharini, tarehe itatoka kongwe kuliko ukweli, kwa sababu nitakayoieleza. Masizi ya nje ni ya kuni, nayo yana tatizo lake.

Tufike kwenye mkaa. Kila kiumbe kinachoishi huvuta kaboni kutoka hewani, moja kwa moja au kupitia chakula, na ndani yake mna kiasi kidogo sana cha kaboni 14, atomi moja hivi kwa kila trilioni. Kiumbe kikifa, hakiongezi tena, na ile iliyopo hupungua kwa nusu kila miaka 5,730. Willard Libby na wenzake wa Chicago walichapisha vipimo vya kwanza mwaka 1949, na mwaka 1960 Libby akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Njia hii inafika hadi miaka 50,000 hivi nyuma, zaidi ya hapo kilichobaki ni kidogo mno kupimika.

Sikiliza neno hilo: kikifa. Kipimo kinakuambia sehemu ile ya mmea iliacha lini kukua. Hakisemi moto uliwashwa lini, wala chungu kilivunjika lini. Na katika mti mkubwa, kiini cha ndani kiliacha kupokea kaboni zamani, wakati ganda la nje lingali hai. Mkongo, mninga na mpingo ni miti ya ukanda huu yenye mbao ngumu zinazodumu. Nguzo ya mninga inaweza kukaa kwenye nyumba kizazi kizima, ikatolewa, ikawa kuni. Mkaa wa kiini chake unaweza kukupa tarehe iliyotangulia moto kwa zaidi ya miaka mia, bila maabara kukosea hata kidogo. Wahunzi nao walipenda mkaa wa miti migumu, kwa hiyo mkaa ulioshikamana na mavi ya chuma, ambao unavutia kwa sababu hakuna shaka umetoka tanurini, ndio hasa wa kuchunguzwa kwa makini. Mpe mtaalamu wa mbao auangalie kwa hadubini kabla ya kuupeleka. Vijiti vyembamba vina nafuu kuliko magogo.

Bora kuliko vyote ni kitu kilichoishi msimu mmoja: mbegu ya mtama, uwele, kunde au mpunga iliyoungua, kipande cha kifuu, kokwa la mkoma. Haya huyapati kwa kuokota kwa mkono. Chukua ndoo za udongo kutoka kila tabaka, umimine polepole kwenye pipa la maji, ukoroge kwa upole. Mkaa na mbegu huelea, unavikinga kwa kitambaa chepesi chenye matundu madogo sana na kuvikausha kivulini. Kazi ni ya maji mengi na mgongo unaouma, lakini imebadilisha akiolojia ya pwani hii kuliko chombo chochote cha kisasa. Zamani maabara zilihitaji gramu kadhaa za kaboni, kwa hiyo wachimbaji walikusanya punje za mkaa kutoka huku na huku mpaka zikatosha, wakachanganya nyakati bila kukusudia. Mashine za kuongeza kasi ya chembe, zilizoanza kutumika kwa kazi hii mwishoni mwa miaka ya 1970, zinatosheka na miligramu moja ya kaboni au hata pungufu. Mbegu moja ya mtama inatosha.

Wepesi huo una gharama yake. Mbegu moja ndogo ndiyo inayosafiri kirahisi ardhini. Mchwa, fuko, panya, kaa, mizizi ya muhogo, nyufa za udongo wa mfinyanzi wakati wa kiangazi, vyote hushusha na kupandisha vitu vidogo. Na mashamba yetu huchomwa kila mwaka kabla ya mvua, kwa hiyo tabaka la juu limejaa mkaa wa jana. Chagua sampuli kutoka mahali palipofungwa: ndani ya jiko lenye mafiga yake, chini ya chungu kilicholala kifudifudi, katikati ya shimo la taka ambalo ukingo wake unauona wazi, chini ya sakafu iliyogandamizwa. Punje iliyoelea tu katikati ya udongo, hata kama ni nzuri, iwe chaguo la mwisho. Na kabla ya kuifunga, jiulize kwa sauti, mbele ya mwenzako: ni kitendo gani cha binadamu kilichokiweka kitu hiki hapa? Usipopata jibu, rudi kuchimba.

Kamata sampuli kwa koleo safi au ncha ya mwiko. Usivute sigara karibu na shimo. Funga kwa karatasi ya alumini, kisha mfuko wa nailoni wenye namba nje, na lebo ya karatasi isikae pamoja na mkaa, kwa kuwa karatasi nayo ni kaboni. Kausha kwanza, kwani ukungu ukiota kwenye joto la Kibiti unaharibu kila kitu. Mkaa wote usiende maabara: nusu ibaki.

Mifupa inavutia, kwa kuwa mfupa wa mbuzi ni mbuzi, hauna ubishi. Lakini katika nchi ya joto na mvua, kwenye udongo wenye asidi, kolajeni, ile sehemu inayopimika vizuri, huoza mapema. Muulize mwenye maabara kama wanapima kwanza kiasi cha kolajeni kabla ya kukutoza gharama yote. Makombe ya baharini, ya chaza yakiwemo, yanayojaa katika majalala ya zamani ya delta, yana shida nyingine. Maji ya bahari huhifadhi kaboni ya zamani, kwa hiyo kiumbe wa baharini huonekana mkongwe kwa miaka mia kadhaa kuliko mmea aliokufa nao siku moja. Kuna marekebisho, ila yanatofautiana mahali na mahali, na mdomoni mwa mto ambapo maji chumvi yanakutana na maji baridi hesabu inavurugika zaidi. Nikiwa na mbegu, kombe naliacha.

Maabara ziko nje. Kazi nyingi za pwani yetu zilipimwa Uppsala na Oxford, na leo ipo pia iThemba LABS ya Johannesburg, barani kwetu. Bei ni dola za Marekani mia kadhaa kwa sampuli moja, na ndiyo maana naomba sana: kama fedha zinatosha sampuli nne tu, zote zitoke katika shimo moja, kwa mfuatano, chini hadi juu. Sampuli nne kutoka mahame manne hutoa namba nne zisizoweza kukaguana. Zikitoka shimo moja, ya chini ikiwa changa kuliko ya juu utajua mara moja kuna kitu kimehama.

Matokeo yatakuja hivi, kwa mfano: 1700 ± 30 BP, yaani miaka kabla ya sasa. Watu wengi hutoa 1700 kutoka mwaka 1950, ambao ndio mwaka wa kuhesabia, wakapata mwaka 250, wakauandika. Siyo. Kiasi cha kaboni 14 hewani hakikuwa kile kile nyakati zote, kwa hiyo namba ya maabara lazima isawazishwe kwa mkunjo uliotengenezwa kutokana na pete za miti ya umri unaojulikana. Ukisawazisha 1700 BP, sehemu kubwa ya uwezekano inaangukia karne ya 4 na mwanzoni mwa karne ya 5. Kosa la miaka mia hivi, na kwa anayetaka kujua kama shanga za Mkukutu zinaendana na zama za Periplus, miaka mia ndiyo swali lenyewe. Ile alama ± 30 nayo ina maana: nafasi ni kama mbili kati ya tatu kwamba jibu halisi limo ndani ya hapo. Ripoti daima kipindi cha uhakika wa asilimia 95, hata kama ni kirefu na kinakera.

Mikunjo ni miwili kwa nchi kavu, wa kizio cha kaskazini na wa kizio cha kusini, yote ilipitiwa upya mwaka 2020. Hewa ya kusini ina upungufu mdogo wa kaboni 14, kwa hiyo mimea yake huonekana mikongwe kwa wastani wa miaka 36 hivi. Mkongo iko kusini mwa Ikweta, digrii 8 hivi, na wengi hutumia mkunjo wa kusini bila kuuliza. Mtu wa pwani ana sababu ya kuuliza. Wakati wa kaskazi hewa tunayovuta imetoka ng'ambo ya Ikweta, wakati wa kusi imetoka kusini, na mmea hupokea ile ya msimu unapokua. Kwa hiyo baadhi ya watafiti wa nchi za tropiki hutumia mchanganyiko wa mikunjo yote miwili. Ushauri wangu ni kusawazisha mara zote tatu kwa programu ya OxCal, ambayo ni ya bure, na kuona kama hitimisho lako linabadilika. Likibadilika kwa tofauti ya miaka 36, halikuwa na nguvu ya kutosha tangu awali.

Sasa walete mashahidi pamoja. Andika kwanza, kwenye karatasi yenye tarehe, kipindi ambacho vigae peke yake vinaashiria kwa kila tabaka. Kisha ndipo ufungue bahasha ya maabara. Utaratibu huu ni muhimu kwa sababu tumezoea kufanya kinyume: mkaa ukitoa karne ya 9 katika tabaka la Kwale, tunasema umechafuliwa, ukitoa karne ya 4, tunasema ni safi. Hapo kigae ndicho kilichoamua, na mkaa haujaongeza chochote. Isitoshe, tarehe zenyewe za jadi ya Kwale zilitokana na mkaa uliopimwa zamani, mara nyingi kwa makosa ya miaka mia au zaidi na bila kujua ulikuwa wa mti gani. Ukisoma kwamba makazi fulani ni ya karne ya 2, tafuta ni kitu gani hasa kilipimwa.

Pango la Kuumbi, kusini-mashariki mwa Unguja, ni somo ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulisoma kwa kina. Uchimbaji wa mwaka 2005 ulileta madai ya wanyama wa kufugwa, kuku wakiwemo, maelfu ya miaka kabla ya wakati uliodhaniwa. Mwaka 2012 timu nyingine ilirudi, ikachimba kwa tabaka na kupima vitu vingi kwa mfuatano. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha watu waliolitumia pango tangu miaka 20,000 hivi iliyopita, kisha likaachwa kwa muda mrefu, kisha likarudiwa katika Zama za Chuma, ndani ya milenia ya kwanza baada ya Kristo. Watu wa nyakati zilizotengana hivyo walikanyaga sakafu ile ile, na vitu vya juu vilikuwa na njia ya kushuka. Waliochimba mara ya kwanza waliuliza swali kubwa na wakaacha kumbukumbu zilizowezesha wengine kurudi kukagua. Hivyo ndivyo elimu hii inavyokwenda mbele.

Kuna mahame ambayo kaboni haitakusaidia kabisa. Kati ya mwaka 1650 na 1950 mkunjo unapanda na kushuka kiasi kwamba namba moja ya maabara inaweza kumaanisha wakati wa Wareno, wa Sultani, au wa Majimaji. Kwa makazi ya miaka ya misafara ya watumwa, au yale yaliyochomwa katika vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, okoa fedha zako. Tafuta vipande vya sahani za Ulaya zenye maua, chupa, shanga za viwandani, sarafu, ganda la risasi. Mradi ukumbuke kwamba kitu cha ng'ambo kinasema tu tabaka haliwezi kuwa la kabla yake. Sahani iliyotunzwa kabatini kwa miaka sitini ilivunjika siku ilipovunjika.

Ukiandika ripoti, kwa kila tarehe weka namba ya maabara, kilichopimwa na jina la mmea kama linajulikana, tabaka na kina, umri wa BP na kosa lake kabla ya kusawazisha, mkunjo uliotumia na mwaka wake. Mkunjo utapitiwa upya tena, na mwenye namba zako ghafi ataweza kusawazisha upya bila kuchimba. Nakala ya Kiswahili yenye picha za midomo ya vyungu iachwe ofisi ya kata na kwa mwalimu wa historia wa shule iliyo jirani, na ile nusu ya mkaa iliyobaki iwe na lebo inayosomeka, ndani ya kopo kavu, katika stoo inayojulikana kwa namba ya rafu.